Akili ya Mtoto Haina Mchepuo



Katika toleo lililopita la gazeti letu hili mwenzetu mmoja, ambaye hatuna haja ya kumtaja jina kwa kuwa wote mlimsoma, aliandika juu ya matokeo ya mitihani ya watoto wa Mandewa. Alisema kwamba tofauti iliyopo baina ya watoto wasomao katika shule za Serikali na wale wasomao katika shule za mchepuo wa Kiingereza ni tofauti ya bidii na akili tu. Kwamba mtoto mwenye kichwa hupita popote. Kwamba mzazi asiyelipa ada amependa arusi kuliko kalamu. Na kwamba si kazi ya chama cha watumishi kuisumbua Serikali kwa jambo ambalo kila mtu aweza kulitengeneza nyumbani kwake. Tumeyasoma maneno hayo kwa utulivu, tena mara mbili. Mwandishi twamheshimu, maana ni mtu wa kazi. Walakini maneno yenyewe hatuwezi kuyaacha yapite bila jibu, kwa sababu si mapya. Yalisemwa zamani katika nchi hizi, yakasemwa juu ya babu zetu, na walioyasema walikuwa na mizani mikononi.

Katika miaka ya 1930, mjini Nairobi, walikuwako madaktari wawili Wazungu, H. L. Gordon na F. W. Vint. Vint alipima bongo za maiti wa Kiafrika, akaandika mwaka wa 1934 kwamba zilikuwa duni kuliko za Wazungu. Gordon, aliyekuwa daktari katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akawa akinena hadharani kwamba Mwafrika ana upungufu wa akili tangu kuzaliwa, na kwamba kumpa elimu ya Kizungu ni jambo la hatari. Angalieni jinsi walivyofanya kazi. Walichukua tunda, wakalipima, wakalikuta dogo, wakailaumu mbegu. Juu ya udongo hawakuuliza neno: mtu yule alikula nini utotoni, alisoma wapi, nani alimfundisha, kwa kitabu gani. Leo hakuna mtu mwenye elimu ayasadikiye mambo yale, na mwenzetu pia hayasadiki. Lakini desturi ya kupima tunda na kuilaumu mbegu haikufa pamoja na mabwana wale. Mwenzetu ameirithi bila kujua, akabadili jina la mbegu tu: pale waliposema Mwafrika, yeye asema mtoto wa mzazi mzembe.

Basi na tuutazame udongo.

Utawala wa Waingereza katika Tanganyika uliigawa elimu mafungu matatu kwa rangi ya mtu. Walikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, na kila fungu lilikuwa na fedha zake, majengo yake na walimu wake. Arusha School ilifunguliwa mwaka wa 1934 kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Dar es Salaam palikuwa na shule ya sekondari ya Wahindi, ambayo leo twaiita Azania, na shule ya wavulana ya Aga Khan, ambayo leo ni Tambaza. Na Iringa, miaka michache tu kabla ya Uhuru, ilijengwa shule kubwa ya St Michael's and St George's kwa watoto wa Wazungu waliokuwa wachache sana katika nchi. Majengo yake baadaye yakawa shule ya Mkwawa. Mwafrika naye alipewa nini? Alikuwa na Tabora, iliyofunguliwa na Serikali mwaka wa 1925, hapo kwanza kwa ajili ya wana wa machifu. Alikuwa na shule za Misheni, ambazo baadhi yetu twazishukuru hata leo kwa kalamu tunayoishika. Waliobaki, nao ndio wengi kabisa, walikuwa na shule za vijijini, darasa la kwanza mpaka la nne, kisha jembe.

Tena jambo hili lilituhusu sisi makarani kuliko watu wengine wote, maana hati ya shule ndiyo iliyokata mshahara. Mwaka wa 1922, Bwana Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, walijua vema kwamba mtu hawezi kudai daraja la kazi huku amefungiwa mlango wa darasa. Hata mwaka wa 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya Afrika Mashariki, ilishikilia kanuni ya kwamba asiye Mzungu alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu afanyaye kazi ile ile. Haikuwa mpaka Tume ya Lidbury, mwaka wa 1954, ndipo viwango vya mishahara kwa rangi vilipoachwa. Sasa mwambie mtumishi wa mwaka wa 1948 kwamba tofauti ya mshahara wake na wa Mzungu ni tofauti ya bidii. Angekucheka, kama si kukutupia kidau cha wino.

Uhuru ulipokuja, jambo la rangi katika shule lilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuondolewa. Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1961, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1962, iliyavunja mafungu matatu yakawa moja. Mwalimu Nyerere alieleza hesabu ya urithi ule katika kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea cha Machi 1967: mwaka wa 1961 watoto waliokuwa katika shule za msingi walikuwa 490,000, wengi wao wakiishia darasa la nne, katika sekondari zote walikuwamo 11,832, na katika Kidato cha Sita watu 176 tu. Nchi nzima, watu 176! Kwa hesabu za mabwana wa mizani hao 176 ndio wangekuwa wenye akili wote wa Tanganyika. Lakini mwaka wa 1967, miaka sita tu baadaye, Kidato cha Sita kilikuwa na wanafunzi 830. Je, bongo ziliongezeka uzito katika miaka sita? La hasha. Milango ilifunguliwa.

Hapa ndipo tunapofika penye ugomvi wetu na mwenzetu. Sheria ile ya 1961 iliubomoa ukuta wa rangi, nasi twaisifu. Ila ukuta ukibomolewa mawe yake hubaki pale pale, na mtu aliye karibu huyaokota akajengea nyumba yake. Tangu mwaka wa 1967 Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na kwa miaka mingi mtoto wa mkubwa na mtoto wa mpishi walikaa dawati moja. Katika miaka ya 1990 mlango ukafunguliwa kwa shule za msingi za watu binafsi zifundishazo kwa Kiingereza kwa ada. Shule hizo hatuzigombi; mtu na fedha yake. Lakini zipo pia, katika miji kadhaa, shule za msingi za Serikali yenyewe zilizo za mchepuo wa Kiingereza, ambako mzazi hulipa ada juu ya kodi aliyokwisha kulipa. Ni zipi hizo? Dar es Salaam ni Olympio na Diamond, zilizoko Upanga, mtaa ambao zamani ulikuwa wa Wahindi. Na Arusha? Ni Arusha School ile ile ya 1934. Ni bawabu wa mlangoni tu aliyebadilika: zamani alitazama uso wa mtoto, siku hizi atazama stakabadhi ya benki.

Hatusemi kwamba mambo haya mawili yana uovu sawasawa. Uso mtu hawezi kuubadili, fedha huenda akaipata. Twasema kwamba kwa mtoto wa miaka saba hayo mawili hayana tofauti, maana hakuchagua rangi yake, wala hakuchagua mshahara wa baba yake.

Hapa kwetu Mandewa mambo ni dhahiri kwa kila mwenye macho. Asubuhi mabasi ya njano hupita yakiokota watoto milangoni, na kando ya barabara ile ile wenzao huenda kwa miguu na fagio mkononi na kidumu cha maji. Tumeingia katika darasa moja la shule ya Serikali, si mbali na tunapokaa, tukakuta watoto wanne katika dawati la wawili, na kitabu kimoja kikipita mkono kwa mkono kama bakuli la togwa. Mwalimu wake ni mtu hodari. Alitwambia kwamba kusahihisha madaftari yote kwa siku moja hawezi, basi huchagua safu moja ya madawati leo, na safu nyingine kesho. Mtoto aliye safu ya mwisho husubiri wiki nzima kujua kama hesabu yake ni sawa au si sawa. Mwenzetu akituonyesha mtoto wa basi la njano asubiriye hivyo, sisi tutaweka kalamu chini.

Twende mbele, tufike kwenye mtihani, maana hapo ndipo penye siri yote. Mtoto wa shule ya Serikali husoma kwa Kiswahili mpaka amalize shule ya msingi. Wa mchepuo husoma kwa Kiingereza. Mtihani wa Darasa la Saba huandikwa kwa lugha zote mbili, kila mtoto akapewa karatasi ya lugha aliyofundishwa. Huo ni uadilifu, na Baraza la Mitihani twalishukuru. Kisha watoto wote wawili huingia Kidato cha Kwanza, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mmoja yumo nyumbani kwake. Mwenziwe ameingia ugenini: lazima ajifunze maana ya neno kwanza, kisha ajifunze jambo ambalo neno lalitaja, na mwalimu hamngoji. Baada ya miaka minne wote hupewa karatasi moja, kwa lugha moja, na tofauti ya alama zao huandikwa katika magazeti kuwa tofauti ya akili. Kama haki ilidai karatasi mbili katika Darasa la Saba, mbona haki hiyo yasahauliwa katika Kidato cha Nne?

Wala haya si maneno ya mitaani. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Bwana Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka wa 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari, Serikali haikukubali. Mwaka wa 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, walichunguza Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari zetu, wakakuta kwamba walio wengi hawakijui kiasi cha kuwatosha kusomea. Waingereza wenyewe, twawaomba mkumbuke, wala si watetezi wa Kiswahili. Sera ya Elimu ya mwaka wa 2014 ilikubali Kiswahili kitumike katika ngazi zote, lakini katika sekondari neno hilo halikutekelezwa. Miaka arobaini na zaidi twazunguka mti huu huu.

Matunda yake mwayakumbuka. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka wa 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliitikisa nchi: watahiniwa 6 katika kila 10 walipata sifuri. Waziri Mkuu, Bwana Mizengo Pinda, akaunda tume. Matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Na walioumia zaidi walikuwa nani? Watoto wa shule za kata, zile zilizojengwa kwa haraka tangu mwaka wa 2006 kwa nguvu za wananchi, mara nyingi bila maabara, bila maktaba, bila walimu wa hesabu. Na shule za juu kabisa katika orodha ziliongozwa na zile za ada, kama shule ya wasichana ya St. Francis ya Mbeya. Yako wapi hapo maneno ya mwenzetu kwamba mwenye kichwa hupita popote? Watoto 6 katika 10 wa taifa zima hawana vichwa? Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora. Wapo waliofurahi. Sisi twaona orodha ile ilikuwa na faida moja: ilionyesha ukuta ulipo. Kufunika kioo hakuondoi kovu usoni.

Mwenzetu alitaja Marekani kuwa nchi ambako kila mtoto husoma na tofauti hubaki ile ile, akitaka kuthibitisha kwamba tofauti hutoka kwa watu wenyewe. Twamshukuru kwa mfano huo, maana watusaidia sisi. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka wa 1954, katika kesi ya Brown, kwamba kutenga watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Lakini mwaka wa 1973, katika kesi ya Rodriguez iliyotoka San Antonio, Mahakama hiyo hiyo ikakataa kuilazimisha jimbo la Texas kusawazisha fedha za shule, ambazo kwa sehemu kubwa hutoka katika kodi ya nyumba na viwanja vya mtaa. Na mwaka wa 1974, katika kesi ya Detroit, ikakataa kuunganisha shule za mji na za vitongoji ambako Wazungu walikuwa wamehamia. Basi mtaa wa matajiri ukabaki na shule tajiri, na mtaa wa watu weusi na shule maskini, na hakuna sheria ya rangi iliyohitajiwa tena. Na jirani zetu Kenya walifanya vivyo hivyo mjini Nairobi. Baada ya Uhuru zile zilizokuwa shule za Wazungu zilifunguliwa kwa watu wote, ila ada yake ikabaki juu. Zilizokuwa za Wahindi ada yake ikawa ya kati. Zilizokuwa za Waafrika ya chini. Kila mtu alikuwa huru kuingia atakako, kama vile kila mtu alivyo huru kununua ndege.

Tuseme na juu ya fedha, maana mwenzetu ni karani wa hesabu na hesabu hataikataa. Mpango wa elimu ya msingi ulipoanza mwaka wa 2002, ada ikafutwa, na ruzuku kwa kila mtoto ikawekwa shilingi 10,000 kwa mwaka, ambazo siku zile zilikuwa kama dola kumi za Marekani. Ulipotangazwa mpango wa elimu bila malipo, ulioanza Januari 2016, ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 zile zile, na wakati huo hazikufika dola tano. Chaki haikungoja, karatasi haikungoja, wino haukungoja. Fedha hizo zigawanywe kwa siku za masomo: hazifiki shilingi hamsini na tano kwa siku kwa kila mtoto. Kisha mtoto huyo apimwe na yule ambaye ada yake ya muhula mmoja mwalimu wake haoni aibu kuitaja kwa maelfu ya mamia, na tofauti iitwe bidii!

Na juu ya arusi. Wapo watu wa Mandewa wapendao arusi kubwa, hatukatai. Wapo pia makarani wenye ada watoto wao wasome mchepuo, na arusi hawazikosi. Mama auzaye mboga sokoni hata akiacha arusi zote za Unyaturu hatafikisha ada ya mtoto mmoja, na anao wanne. Twaona vibaya sana mtu mwenye mshahara wa mwezi kumhesabia senti mtu asiye na mshahara. Tabia hiyo tuliichukia ilipokuwa ya Bwana Shauri. Hatutaipenda kwa kuwa sasa inavaa tai ya mwenzetu.

Limebaki neno lake la mwisho, kwamba si kazi ya chama. Twamwuliza: walimu wa shule hizo ni watumishi wa nani? Manesi na makarani wa vyeo vya chini, matarishi, wapishi wa hospitali, madereva, watoto wao wasoma wapi? Wengi wa wanachama wetu hawana mtoto hata mmoja katika basi la njano. Wenye watoto humo ni wachache, nao ndio wenye sauti katika vikao. Na kwa kuwa mtoto wao hayumo katika darasa lile la watoto wanne katika dawati moja, darasa lile haliwaamshi usiku. Hivyo ndivyo ukuta wa zamani ulivyodumu muda mrefu: waliokuwa na uwezo wa kuubomoa watoto wao walikuwa upande wa pili.

Kwa hiyo, katika mkutano mkuu ujao, tutaleta hoja. Tutakiomba chama kiiandikie Halmashauri ya Manispaa, kwa adabu na kwa maandishi, kwamba kila muhula ibandikwe mlangoni pa kila shule ya Serikali hesabu ya watoto wake, walimu wake, madawati, vitabu, na fedha zilizopokewa, ili kila mzazi aone kwa macho yake. Tutakiomba kiungane na vyama vingine kudai kwamba ruzuku ya mtoto ipande kadiri bei zinavyopanda, kama sisi tunavyodai mishahara ipande. Na kwamba Halmashauri yo yote itakayotaka kufungua shule ya mchepuo kwa fedha za umma isifanye hivyo kabla shule zake nyingine hazijapata mwalimu na dawati kwa kila anayestahili. Tena tutaomba karatasi ya Kidato cha Nne ichapwe kwa lugha mbili kama ile ya Darasa la Saba, na mtahiniwa achague. Kiingereza kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kuliko sasa, na walimu wanaokijua. Hatumwonei mtoto ye yote wivu wa lugha.

Hoja imekwisha kuandikishwa kwa Katibu. Wanaoiunga mkono watie saini katika daftari lililo mezani pake kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mwenzetu tuliyemjibu tumemwombea kwa Mwenyekiti nafasi ya kusema wa kwanza baada ya hoja kusomwa, na dakika zake zisikatwe.